Dumu la Tatu

Mwezi wa kumi, Bahi. Kisima kimebaki kina cha kata,
na fundi Chedego anaomba dumu la tatu.
Si la kunywa. La tofali.
Nikamwambia, haya maji nimeyapangia foleni tangu jogoo la kwanza,
chumvi yake tunaivumilia hivyo hivyo,
mwanangu hajaoga,
wewe unanywesha udongo uliochomwa?

Hakujibu. Akachukua tofali moja,
akalipima kiganjani kama mtu anayenunua kuku,
akalizamisha ndooni.
Sikiliza, akasema.

Likachemka bila moto.
Vipovu vyembamba, vya haraka:
kila kitundu kinatoa pumzi ya tanuri
na kupokea maji mahali pake.
Akanipa. Lilikuwa zito, kama limemeza bakuli la uji,
na halidondoshi hata tone.

"Ukilijenga na kiu yake
litanyonya maji ya saruji kabla haijashika.
Ukuta utasimama kwa mazoea tu."

Nikampa dumu.
Nailoni ya kutandika juu ya msingi, hiyo nilikataa.
Pesa yake nilinunulia mlango.

Sisi huku tuna mvua moja,
huja Desemba na kuondoka bila kuaga.
Mwaka ule ilikaa. Mbuga ikaja mpaka kwenye mtama.
Bati halikuvuja.
Maji yalipanda kutoka chini,
bila ngazi, bila sauti,
kitundu kikimpa jirani yake,
yakafika usawa wa kitanda
yakakaa hapo.
Niligusa ukuta usiku: jasho la mgonjwa homa inaposhuka.

Juni, upepo. Sikuyaona yakiondoka.
Niliona yalichoacha:
mstari mweupe, wenye manyoya kama ukungu wa mkate,
na plasta imevimba, inadondoka vipande
chini ya picha ya harusi.
Mbuzi wa Mchiwa wamegundua ukuta wa nje,
wanakuja alfajiri kuulamba,
ndimi zao zinakwaruza nikiwa bado nimelala.

Chedego yuko Ihumwa sasa, anajengea watu wa ofisi.
Ameniandikia: usipake rangi ya mafuta,
acha upumue, utakauka wenyewe, pole pole.

Jana nilipitisha kidole kwenye ule weupe, nikaramba.
Ladha niliijua.
Kisima chetu. Foleni. Jogoo la kwanza.

Nikatoka na fimbo kufukuza mbuzi.