Upande wa Pili

Watu huniuliza, hasa Jumapili, wakinikuta
nimepiga magoti sakafuni hapa Magomeni Mapipa,
santuri zimeegemezwa ukutani kama watoro wa shule:
nani alikuwa anachagua?
Bendi ina nyimbo kumi na mbili, sahani ina pande mbili.
Nani alisema huu mbele, ule nyuma?

Najibu ninachojua, na ninachojua ni cha kuokoteza.
Keko Jazz, wana Toboa Tobo, mwaka sabini na nne,
walipanda basi kwenda Nairobi, gitaa limefungwa kwa khanga.
Siku moja ya studio. Mwenye mitambo anatazama saa.
"Adelina" ulikuwa wa dakika tisa:
*Adelina, umeniacha Ilala, narudi kwa miguu.*
Wakaukata kama utumbo buchani.
Na mwenye duka, Bwana Jivraj wa Mtaa wa Uhuru,
ambaye hakucheza hata harusini kwake,
akasema mbele ukae "Tulime Mapema",
redio hawataukataa.
Kura ya mtu mmoja, na daftari lake.

Lakini mimi nina tochi.
Nailaza sahani kwenye mwanga, naisoma mifereji
kama fundi viatu anavyosoma soli:
huyu anakanyagia nje, huyu anaburuza.
Nakala ya Tandika: kilimo kinang'aa,
Adelina kapauka kama goti.
Ya Mwananyamala vivyo hivyo, na kwenye lebo
mtu kachora alama kwa kalamu ya bluu: huku ndiko.
Ya tatu niliinunua kwa muuza chupa, bei ya sigara mbili;
tarumbeta inasikika kama mtu anakaanga dagaa.
Basi nikasema: mwenye duka huchagua mchana,
usiku watu wanageuza sahani.

Niliisema sana sentensi hiyo. Niliipenda.

Mpaka Machi, nilipofika Keko Machungwa kwa Bi Tausi Mrope,
mjane wa aliyeutunga wimbo na kuipuliza ile tarumbeta.
Akatoa nakala yake uvunguni, ndani ya mfuko wa unga.
Nikawasha tochi.
"Tulime" umelika hadi weupe.
"Adelina" haujaguswa, mweusi, unajiona sura.

Nikanyamaza. Nikadhani nimekanyaga kaburi la watu.
Bi Tausi akacheka mpaka akakohoa.
"Huo ulipikwa humu ndani miezi sita,
usiku, mtoto analia. Nilipie tena na umeme?
Halafu Adelina ilikuwa baiskeli, mwanangu.
Waliiiba Ilala."

"Na huu mwingine?"
"Huo? Huo nafagilia uwanja."

Hakuniuzia.
Usiku nimetoa nakala zangu zote tatu,
nikaweka sindano upande ambao kwa miaka kumi na tisa
sijawahi kuusikiliza ukaisha.

Ni kweli.
Unafagilika.