Mosi Januari

Mamuka amechomeka kadi kwenye kompyuta, akasema:
Bibi, usiguse kitu.
Yenyewe itazivuta, yenyewe itazipanga,
siku ndani ya mwezi, mwezi ndani ya mwaka,
kama unavyopanga wewe mitungi yako ya jemu ya tini.
Akavaa koti, akaenda zake kazini, Kutaisi mjini.

Nikakaa. Nikautazama mstari wa kijani ukitambaa:
picha mia mbili. Elfu moja. Elfu tatu na arobaini.
Nje, theluji na mvua zilikuwa zinagombea ua.

Guram, wewe na kamera yako!
Kibetri cha saa kilikufa mwaka uleule ulioinunua.
Ulisema utakibadili Jumamosi.
Jumamosi gani, hukusema.
Basi kila ulipoiwasha ilizaliwa upya:
mosi Januari, elfu mbili, saa sita kamili usiku,
nawe ukabonyeza sawa, sawa, sawa,
kwa pupa ya mtu anayesikia keki ikikatwa bila yeye.

Programu haikuuliza. Iliamini.
Ilifungua folda moja tu,
ikatutia humo sote.

Eteri hana meno ya mbele, Eteri ana shela la harusi.
Mto Rioni umepanda hadi ngazi ya tatu.
Mzabibu umeelemewa; mzabibu ni fimbo tupu.
Jeneza la kaka yako Vazha,
na ubavuni pake Vazha mwenyewe
ameinua pembe ya divai, amefumba macho, anaimba.
Paka watatu ambao hawakuwahi kuonana
wamelala kwenye kiti kimoja.

Siku ndefu hiyo, jamani.
Watu wamezaliwa, wamezikwa,
wametoka kaburini kuja kumega mkate wa moto.

Wewe humo humo, na humo haumo.
Kinyozi hajinyoi.
Nimepata kidole chako, chekundu, kwenye kona ya lenzi.
Nimepata kivuli chako kwenye nyasi, kirefu,
viwiko vimetanuka kama masikio ya chungu.

Jioni Mamuka amerudi, ameshika kichwa.
Tutarekebisha, Bibi. Wewe niambie tu ipi ilikuwa lini.
Akafungua daftari.

Ya kwanza: mimi mlangoni, aproni imejaa unga,
nimeinua mkono kukuzuia usipige.

Hii je?

Naijua. Ni asubuhi tuliyogombana kuhusu kuuza shamba la juu.
Najua hata kilichokuwa kikiungua jikoni.
Tulipatana kabla ya chakula cha mchana,
wala sikumbuki nani alianza kucheka.

Nyingine zisogeze, nikamwambia,
mwaka kwa mwaka, nitakusaidia.
Hii iache ilivyo.

Mosi Januari? Saa sita usiku?

Ndiyo.

Akasogeza uso karibu na kioo.
Lakini Bibi, hapa jua linawaka.

Ndiyo, nikasema. Linawaka.