Farasi wa Miguu Miwili

Oulu, mwezi wa nne. Theluji imebaki kwenye kona za ua
kama mgeni aliyekwisha kuaga mara tatu na bado yuko mlangoni.
Barabarani ni chumvi tupu, na chumvi ndiyo mchwa wa huku:
wewe waona rangi, yenyewe imekwisha kumaliza chuma.
Anayeimwaga ni Ilpo, jirani yangu, kwa lori la manispaa.
Ni adui yangu. Hunywa kahawa kwangu.

Kwa hiyo Celica haijatoka tangu mwezi wa kumi.
Iko juu ya stendi, matairi nimeyapanga ukutani,
na mimi chali chini yake, juu ya kadibodi ya jokofu,
taa kipajini, nati mdomoni,
nikibembeleza bolti moja yenye kutu,
nikiitukana, nikiibembeleza tena.

Springi mpya zilikuja Januari, za zambarau,
zenye shingo ya kuzungusha: kulia gari lapanda, kushoto lashuka.
Nikashusha.
Nikarudi nyuma hadi ukutani, nikaitazama,
nikashusha tena.
Bampa ya mbele ikawa inanusa sakafu.

Halafu rangi. Watu hudhani kung'arisha ni kupaka kitu.
Ni kupunguza.
Unapitisha donge la udongo, panda kwa panda,
hadi mkono uliovikwa mfuko wa nailoni
uteleze pasi kugusa hata punje;
kisha mashine, sponji, dawa nzito kama mtindi,
na kila mzunguko unashusha kingo za mkwaruzo
hadi ziwe sawa na bonde lake.
Huponyi kidonda.
Unakondesha ngozi yote ifanane nacho.

Boneti, siku tatu. Milango, wiki.
Kwenye buti nikazima mashine.

Taa ilikuwa imeinamia upande, na pale
farasi:
kichwa, shingo, kifua, miguu miwili ya mbele.
Kerttu alimchora kwa kidole kwenye vumbi
kiangazi kile mama yake alipokuwa akifunga masanduku.
Alikuwa na miaka sita. Vumbi ni msasa, kila mwenye gari ajua.
"Usiguse!" nilipiga ukelele,
kidole kikasimama hewani.
Juani haonekani. Chini ya taa yupo, amekatika kiunoni
pale sauti yangu ilipomkuta.

Dakika mbili tu, mashine ingemfuta.
Nikapima unene wa rangi: unatosha.
Nikapima tena, nikiomba usitoshe.
Nikamzungushia utepe wa karatasi,
nikang'arisha kila kilichobaki.

Jumamosi ikawa zamu yangu. Kerttu, miaka kumi na mmoja,
alisimama uani mikono mifukoni; Ilpo na kikombe chake.
Nikawasha. Ekzosi mpya ikanguruma
hadi misumari ikalia ndani ya kopo.
Nikaachia klachi kwa madaha
na kwaruu!
Kizingiti. Cha gereji yangu mwenyewe,
simenti niliyoimwaga kwa mikono hii.
Mbele haiendi, nyuma haitaki.
Ilpo alicheka hadi kahawa ikamwagika.
"Umempamba bibi harusi," akasema,
"ukasahau kupima mlango."

Kerttu akalala kifudifudi na sweta lake safi,
akachungulia, akapima uwazi kwa vidole.
"Viwili. Tunahitaji vinne. Jeki iko wapi?"
Nikampa spana ya ndoano. Hakuuliza upande gani.
Kulia, kulia, kulia,
ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo.

Tulipomaliza nilimpeleka nyuma ya gari, nikashika taa.
Aliinama, akatazama
kama mtu anayehakiki risiti.
"Farasi gani?" akauliza.
Alikuwa na grisi shavuni. Nikazima taa.
"Ingia," nikasema, "tukaijaribu."
Nje, Ilpo alikuwa ameshika ufagio,
anafagia chumvi kwenye njia yetu,
ananung'unika.