Rangi Iliyobaki

Mwezi wa tisa ukikaribia kwisha
karani wa baraza la mji hunipa ufunguo wa stoo.
Ekwaru, kampake yule mama.
Hasemi rangi gani. Rangi ni ile iliyobaki.

Mwaka wa mageti mapya ya shule alikuwa kijani.
Mwaka wa tangi la maji, fedha toka utosi hadi nyayo,
watoto wakamwita Mama Sufuria.
Nimempaka kahawia, nimempaka maziwa,
mwaka mmoja nusu kwa nusu, kopo liliniishia kiunoni,
na Uhuru ukapita hivyo hivyo:
bendi ya polisi ikapiga, hakuna aliyeuliza.

Amesimama mbele ya boma, hapa Soroti,
mwamba nyuma yake, bendera ubavuni,
kikapu cha pamba kichwani.
Mkono mmoja umekishika, wa pili umefumbata hewa.
Zamani ulishika jembe.
Lilikuwa jembe la chuma halisi,
likaenda na watu waliolihitaji zaidi.

Nilijua ni saruji, kokoto na nondo.
Sikujua ni mtu.

Jumanne, niko juu ya ngazi,
foleni ya fedha za wazee imezunguka jengo,
akajitoa bibi mmoja, mwembamba kama fimbo yake,
akainua uso, akasema:
Pua hiyo umeinenepesha.

Nikacheka. Yeye hakucheka.
Akataja jina lake, Asekenye.
Mchongaji alikuja na baiskeli toka Ngora,
akamsimamisha juani siku kumi na moja,
kikapuni kajaza mawe,
maana pamba, alisema, haielemei shingo ikaonekana.
Ujira: kilo mbili za sukari, na ahadi.
Sukari aliipata.

Ndani, mashine imevikataa vidole vyake.
Wamevipangusa, wamevipaka mafuta,
wamevibonyeza kimoja kimoja kwenye kioo chenye taa.
Hakuna kitu. Jembe limekula mistari yote.
Kijana wa kompyuta, kwa adabu kabisa, akamwambia:
Mama, kwa mujibu wa mfumo, wewe hujaja.

Hujaja!
Na yuko hapo nje tangu baba wa kijana hajazaliwa,
jua lake, mvua yake,
makongoti wakinya juu ya pamba yake.

Akanizungusha nyuma ya sanamu,
akagonga kwa fimbo karibu na kisigino cha kushoto.
Kwangua hapa.
Nikakwangua fedha, nikakwangua kijani,
kahawia, maziwa, kisha rangi za watu walionitangulia,
moja nyekundu ambayo bibi aliitazama
akageuza uso kidogo,
mpaka saruji.
Na ndani ya saruji, alama ya kidole gumba,
kilibonyezwa ikingali uji.
Mistari yote ipo.
Inazunguka, inazunguka,
kama shamba lililolimwa na ng'ombe wasio na haraka.
Alikosa hela, akasema bibi,
akaniambia basi tia sahihi, siku moja utakuja kudai.

Nikamwita kijana wa kompyuta.
Alikuja, lazima nimpe haki yake.
Akachuchumaa, akatazama kwa muda mrefu,
akapiga picha kwa simu.
Inasomeka, akasema. Inasomeka vizuri sana.
Halafu akasema hakuna mahali pa kuiingiza.

Bibi hakubishana.
Aliweka gumba lake juu ya gumba lile, likatosha,
akalinyanyua, akalipangusia kwenye kanga,
akarudi kwenye foleni, mwisho kabisa,
kwa sababu nafasi yake ilikuwa imeshachukuliwa.

Tarehe tisa mama alikuwa bluu, bluu ya madawati.
Mgeni wa heshima akamnyooshea kidole,
akasema huyu ndiye mwanamke wetu,
tukapiga makofi.
Asekenye hakuwepo. Mara hii mfumo ungesema kweli.

Kisiginoni kuna pahali sikupaka,
padogo, pa kutosha gumba.
Karani akiuliza,
nitamwambia kopo liliniishia.