Bafu Lilikuwa la Shirika

Tulinunua asilimia arobaini, mwaka tisini na tatu,
Clive na mimi, Mtaa wa Hollybush, Kettering:
matofali mekundu, mlango wa kijani
uliokwama kila mvua iliponyesha,
na mvua ilinyesha.
Sitini zilizobaki zilikuwa za shirika la nyumba.
Tulizilipia kodi.

Clive alikuwa mkata ngozi kiwanda cha viatu,
mtu wa kupima kwanza.
Akachora mpaka kwa chaki:
jiko letu, sebule yetu,
ngazi zetu hadi kipandio cha saba.
"Kuanzia hapo, Mavis, wewe ni mpangaji.
Bafu ni la shirika. Kojoa kwa adabu."

Tukapanda kidogo kidogo.
Sitini. Themanini na tano.
Kiwanda kilipofungwa, kwa kiinua mgongo chake,
tukatimiza mia.
Jioni ile alioga saa nzima, mlango wazi,
akiimba vibaya,
maji yakavuja hadi dari ya sebule,
nami sikumgombeza.
Yalikuwa yanavuja kwetu.

Sasa nauza. Goti limekataa ngazi zote,
hata zile saba za mwanzo.
Wanunuzi ni Rhodri na Keeley,
mimba ya miezi saba,
wamekwisha pima dirisha la chumba kidogo.

Ndipo wakili wao akauliza.
Daftari la ardhi halijui kwamba mlimaliza.
Hati ya pango ingali ile ya ubia,
zuio la shirika lingali palepale,
bila idhini yao nyumba haihami.
Na shirika? Liliungana na lingine la Corby,
likabadili jina, likamezwa,
likabadili tena.
Nikapiga simu. Muziki. Bonyeza moja. Muziki.
Kijana aitwaye Dermot akaniambia, kwa upole kabisa,
kwamba kwenye mashine yao nyumba yangu haipo.
"Nimekaa ndani yake," nikamwambia.
"Naipangusa vumbi."

Husemwa mali bila daftari hupotea bila habari.
Yangu ilikuwa na daftari.
Daftari ndilo lililokosa habari.

Bi Pargeter, wakili wangu, akanituma darini.
Siku ya nne, chini ya mapambo ya Krismasi,
ndani ya boksi la viatu, nambari tisa, kahawia:
hati ya hisa za mwisho,
mhuri wa shirika lililokufa,
sahihi ya Clive, pana kama wayo wa mbwa.
Wakili wa enzi zile alichukua ada yake
akasahau kuipeleka kwa msajili.
Miaka kumi na saba karatasi imelala
juu ya vichwa vyetu.

Shirika jipya likaitambua. Wiki tisa.
Mtoto hakumsubiri msajili;
alizaliwa Jumanne, kwa mama mkwe,
kwenye kochi la kukunjua, wakaniletea picha.

Nikadhani yameisha.
"Kuna jambo dogo," akasema Bi Pargeter.
"Daftari linamtaja mume wako bado. Nahitaji cheti cha kifo."

Miaka minne tangu tumchome,
benki imemfuta, mtu wa umeme amemfuta,
hata daktari wa meno ameacha kumkumbusha miadi.
Palibaki pahala pamoja nchini,
mstari mmoja wa serikali,
ambapo Clive alikuwa hai
na alimiliki nyumba pamoja nami.

Bahasha ilikaa mezani siku tano, ina stempu.
Keeley alipiga simu akilia.
Kila mtu alimlaumu msajili.
Nilikuwa mimi.

Siku ya sita nikatembea hadi sanduku la posta
na mkwaju wangu, mvua ikinyesha.

Asubuhi ya kukabidhi funguo
nyumba ilikuwa tupu, mlango umekwama.
Nikapanda ngazi polepole, nikihesabu.
Kwenye cha saba nikapumzika.
Kisha nikaingia bafuni, mara ya mwisho,
nikakojoa kwa adabu.