Toa Kumi na Tano

Mstari wa mia mbili na sita niliuandika mimi,
Ijumaa mchana, Mtanda, juu ya duka la vipodozi,
umeme umekatika, feni imelala, shati limeganda mgongoni:
*akiwa machinga, toa kumi na tano.*
Haukunichukua dakika.
Nikashuka kununua maandazi.

Nia ilikuwa njema, tusisingiziwe.
Mtu mwenye simu na shida
ajibu maswali tisa, programu impime,
apate laki mbili kabla ya palizi ya ufuta.
Mkulima. Mvuvi. Fundi. Machinga.
Bonyeza kimoja.

Biti Mtauka wa Mipingo hajawahi kutembeza bidhaa barabarani.
Ana ekari tatu na goti bovu.
Kijana wetu wa takwimu alimuuliza, "Bibi, wewe ni nani?"
Akajibu kama alivyojibu mama yake:
"Mimi Mmachinga."
Kijana akabonyeza.

Jumatatu Somoe hakukaa.
Alitusomea ujumbe wa bibi yake wa kukataliwa, mara mbili,
kisha akasema:
"Kabla halijawa toroli la mitumba Kariakoo
hili lilikuwa jina la watu.
Lina makaburi. Lina unyago wake.
Nyie mmelipa alama hasi."

Kessy alicheka kidogo, si kwa ubaya.
"Neno limeshakuwa la taifa, dada.
Liko kwenye vitambulisho, liko kwenye hotuba.
Leo tufute hili, kesho utaleta lipi?
Siasa zina viwanja vyake, hapa tunahesabu.
Namba haina kabila."

"Namba haina. Aliyeiandika analo.
Na nyie Wachaga, pesa mkishainusa tu—"

Akakatisha.
Umeme ulikuwa umerudi; feni peke yake iliendelea kusema.
Kessy aliangalia viatu vyake,
vilevile vya mwaka wa kwanza wa chuo, soli imeshikwa na gundi.
"Haya," akasema. "Umeona linavyotoka."

Na mimi?
Mimi Mmakonde wa Newala.
Dar walinishika shavu wakitafuta chale, wakacheka,
nikacheka kuwazidi,
nikawaongezea na kichekesho cha panya, nisionekane mgeni.
Bei ya kicheko kile naijua, niliilipa taslimu.
Halafu nikarudi kusini
nikaandika mstari wa mia mbili na sita.

Tulibishana mpaka adhana ya alasiri.
Mmoja alitaka bibi aombwe radhi,
mwingine alitaka mtaalamu wa lugha, na posho yake.
Mfaume wa hesabu aliuliza, "Hiyo kumi na tano imetoka wapi?"
bodaboda ikapita chini, swali likaenda nayo.
Nilijua ilikotoka. Haikutoka popote.
Niliwaza tu: watu wale, leo wapo, kesho hawapo,
na vidole vikaandika.

Tukapiga kura. Neno likaanguka.
Likaja jingine, safi, lisilo na bibi wala kijiji.
Tukapiga makofi. Kessy alinunua soda,
ya kwanza akampa Somoe,
naye akaipokea kwa mikono miwili, macho pembeni.

Usiku niliufungua mstari.
Nikafuta herufi nane, nikaandika saba.
Kilichofuata baada ya mkato sikukigusa;
hakuna aliyekipigia kura.

Alhamisi simu ya Somoe iliita ofisini, akaiweka sauti ya juu
kwa kuwa bibi huongea kama yuko ng'ambo ya bonde.
"Mjukuu wangu, wamenitumia tena.
Wanasema: *ndugu mchuuzi, ombi lako limekataliwa.*
Sasa huyo mchuuzi ni nani,
na kwa nini anakataliwa kwenye simu yangu?"

Kessy akanitazama.
Mfaume akanitazama.
Somoe alikuwa bado anatafuta
jibu la kumpa mtu mzima.