Amesimama Wapi?

Saa tano usiku simu inaita, Uru.
Kandida, kutoka Norwei.
"Baba, gari limezama."
"Kwenye tope?"
"Kwenye theluji."
Nikaketi kitandani.

Miaka thelathini na moja nimevuta magari:
Fuso za ndizi kwenye mteremko wa Rau,
Land Rover ya parokia, padre ndani na rozari yake,
basi la harusi, bibi harusi pekupeku,
shela kalifunga kiunoni, anasukuma.
Theluji sijawahi kuigusa.
Naiona alfajiri mawingu yakifunguka,
iko kule Kibo, nyeupe, haina habari na mtu.
Ikitushukia sisi huku imeshakuwa mto,
na mto ukishiba hututapikia tope.

Lakini kukwama ni kukwama.
Nikamwambia: acha kukanyaga mafuta,
kila ukikanyaga linajichimbia kaburi.
Shuka. Zunguka nyuma,
fukua bomba la moshi kwa mikono yako
kabla hujarudi ndani kuota joto.
Mimi mtu wa Moshi, moshi naujua
(akacheka kidogo, meno yanagongana),
ule wa bomba unamlaza mtu
kama mama anavyolaza mtoto
na haurudi kumwamsha.

"Nani atakuvuta?"
"Jirani, ana trekta. Anaitwa Oddvar."
"Mpe simu."
"Hajui Kiswahili, Baba."
"Basi mtafsirie, na usiruke neno."

Mwambie asifunge kwenye bampa.
Bampa ni hereni: ukiivuta, inakuja na sikio.
Apapase chini, atafute jicho la chuma kwenye chasisi.
Mnyororo aurudishe alikoutoa.
Anayo kamba inayonyumbuka, isiyo na fundo?
Anayo. Vizuri.
Katikati ya kamba mtupie koti zito,
ili ikikatika ianguke, isiruke.

"Koti langu jipya, Baba?"
"Hilo hilo."

Nikasikia upepo wa kwao, mrefu, hauna majani ya kushika.
"Huo mwanga ni wa nini?"
"Mke wa Oddvar anamulika tochi."
"Amesimama wapi?"
"Hapa katikati. Kati ya gari na trekta."

Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba.
Hawakusema ikishakatika inaelekea wapi.
Mimi naambiwa kila Aprili:
kona ya juu ya mashine ya kahawa,
lori la Apolinari limelala ubavu,
watu arobaini wanapiga makofi,
na Proti, tumezaliwa mlango mmoja,
kasimama mbele ya waya,
ananiita kwa mkono, njoo, njoo, njoo.
Mguu ulikuwa wangu. Mafuta niliyakanyaga mimi.
Sauti sikuisikia.
Niliona kofia yake imebaki hewani kidogo
kama haijapewa taarifa.

Haya sikumpa ayatafsiri.
Proti anamjua kwa jina la mdogo wake.
Nilisema: "Mtoe huyo mama. Sasa hivi."
"Baba, unapiga kelele."
"Napiga. Mtoe. Pembeni, mbali,
urefu wa kamba mara mbili,
na tochi aimulike kutoka huko."

Akatolewa. Nikasubiri.
Kisha: wewe kwenye usukani, gia ya pili, tairi zinyooke.
Ishara atoe mtu mmoja tu.
Trekta ianze taratibu, kamba ikaze kwanza
kama uzi wa cherehani, ndipo avute.
Akisikia pupa mguuni, aushushe huo mguu, apumue.

Halafu simu ikawa ngurumo tupu.
Mke wangu kaamka, ananitazama,
mkono wangu umeshika neti ya mbu, umeikunja yote.

"Limetoka."

Sikujibu mara moja.
Nikauliza kitu cha kijinga, ili sauti irudi:
"Hiyo theluji inanata kama tope?"
"Hainati, Baba. Inalia."
"Inalia vipi?"
Akaishusha simu hadi kwenye kiatu, akakanyaga.
Ni kama unga wa muhogo ukiubana kiganjani.
"Rudia," nikasema.
Akakanyaga tena.